Mninga Umenipigisha Magoti

Jamani, mwenzenu magoti hayakunjiki. Mkiniona nashuka ngazi za kanisani upande upande, msidhani ni uzee. Ni sakafu.

Nyumba hii aliiacha mzee, hapa Forest ya Zamani, Mbeya. Wenzake walipiga saruji nyekundu sebuleni, yeye akaweka vibao vya mninga, vifupi vifupi, vimepangwa mshazari kama mifupa ya perege. Tulikuwa tunateleza juu yake na soksi, tunachapwa, tunarudia. Sasa mlangoni pamepauka, katikati kuna duara jeusi la jiko la mkaa, na vibao viwili vimeng'oka, ukivikanyaga vinakujibu.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, tutandike kapeti la plastiki tuendelee na maisha." Nikajitia mjuaji. Nikasema mninga haufunikwi.

Fundi akaja. Nilitegemea mashine ya msasa, ile ya kusukuma. Mwenzangu akatoa grainda, ile ya kukatia nondo, akaifunga kisahani cha msasa. "Fundi, hiyo si ya vyuma?" Akanijibu, "Bosi, kama inaweza chuma, mbao itaishindaje?" Nikakosa la kusema. Kufika mchana sakafu ina viduara kila mahali, kama meza ya mama ntilie iliyowekewa vikombe vya chai asubuhi nzima. Vumbi hadi kwenye sukari. Siku tatu tumekunywa chai ya mninga, tunapiga chafya kwa zamu.

Fundi nikamlipa aondoke, nikashika msasa mwenyewe. Namba 40 kutoa viduara, 80 kulainisha, 120 kumalizia. Kwa maneno ni rahisi. Ila mzee, Mungu amrehemu, alikuwa akisugua nta kila Jumamosi, na ile nta yote ilikuwa inanisubiri mimi. Ukisugua inapata joto, inalainika, inaziba msasa. Dakika mbili karatasi imekuwa laini kama kandambili kuukuu. Pale dukani Mwanjelwa wakiniona tu wananikatia msasa bila kuniuliza.

Halafu unaambiwa ufuate nyuzi za mbao. Nyuzi zipi? Kibao hiki kinaelekea Uyole, mwenzake anaelekea Iyunga! Kwa hiyo unasugua kimoja, unageuka, unasugua kingine, unageuka. Siku ya nne niko hivyo hivyo kwa magoti, mama mchungaji wa jirani akachungulia dirishani. "Bwana asifiwe baba! Nimekuona tangu juzi. Mungu anajibu." Nikaitikia amina. Ningemweleza nini?

Mianya nikaiziba kwa unga wa mninga uliokorogwa na vanishi, hapo nilijisikia fundi kweli. Ikaja kupaka sasa. Kopo linasema mkono wa pili upakwe baada ya kusubiri muda wa saa 6. Aliyeandika lile kopo hajawahi kulala Mbeya mwezi wa saba. Ukifungua madirisha, baridi inaingia na vanishi haikauki. Ukifunga, harufu inakuzungusha kichwa. Tukahamia jikoni familia nzima, tumevaa makoti, tunakula makande tumebanana kama abiria wa daladala. Kila asubuhi nagusa kwa kidole. Bado inanata.

Mkono wa tatu ndio umepakwa, nashangaa kijana wangu wa mwisho anapita mbio kufuata rimoti. Mguu ulitoka. Soksi ikabaki. Nilipoibandua iliacha manyoya ya buluu, na nikarudi chini na msasa wangu.

Lakini ikang'aa, jamani. Mninga ukapata ule wekundu wake wa asali, hata duara la jiko likabaki kama kivuli tu. Nikawa natembelea pembeni, kwenye ukuta, nisije nikaichafua.

Jumapili shemeji akaja kutoka Dar. Akasimama katikati na viatu vyake, akainama, akagonga kwa kidole.

"Shemeji, marumaru za mchoro wa mbao hizi, boksi moja mmenunua shilingi ngapi?"

Mke wangu akakimbilia jikoni na khanga mdomoni. Mimi nikamwambia avue viatu.