Miaka miwili ya kuchora mabomba: shule ya CAD Marekani inamlipa nani?

Binti wa dada yangu yuko Houston, mwaka wa pili sasa. Alipata grini kadi kwa bahati nasibu, akafikia kwa marafiki, na kama wengi wetu akaanza na wazee: shifti ya usiku, kuwageuza, kuwabadilisha, kujaza fomu mpaka kunakucha. Muhula huu kajiandikisha somo moja la jioni kwenye chuo cha jamii, utangulizi wa uchoraji wa kiufundi kwa kompyuta, ile wanayoiita CAD. Limemnogea. Anataka kuingia mzimamzima, asome miaka miwili, aachane na wazee. Mama yake, aliyeko Tanga, hataki kulisikia. "Mwambie mpwa wako asome unesi," kanipigia simu kuniambia. "Kuchora hata huku angechora."

Wamenifanya hakimu kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyonilisha. Nilianza na rula-T na bodi ya mbao Tanga Tech, nikaja kuishia kuchora mabomba ya viwanda vya mafuta na kemikali hukuhuku Houston. Ila kazi hiyohiyo ndiyo iliyowahi kunitoa mlangoni, kwa hiyo hakimu mwenyewe ana makovu.

Nianze na dada, maana hoja yake ina nguvu kuliko anavyojua. Unesi na uchoraji vinasomwa kwenye vyuo vilevile. Unesi una masomo ya kutangulia na foleni ya kuingia, hivyo miaka miwili mara nyingi huwa mitatu. Lakini ukimaliza na kufaulu mtihani wa leseni, takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha nesi aliye katikati ya orodha ya mishahara anapata zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Mchoraji wa katikati vivyo hivyo anazungukia dola 60,000. Halafu makadirio ya miaka ya karibuni yanasema ajira za manesi zitaongezeka, na za wachoraji ama zitabaki zilipo ama zitapungua kidogo. Kwa hesabu ya dukani, mjadala umekwisha hapo.

Na kuna jambo ambalo hesabu hiyo haisemi. Mgonjwa haangalii bei ya mafuta. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya 30. Miradi ikasimama, na mradi ukisimama mchoraji ni wa kwanza kukosa cha kufanya, kwa kuwa anachochora ni kitu ambacho bado hakijajengwa. Asubuhi moja tuliitwa kumi na wawili kwenye chumba cha mikutano. Kabla ya saa nne nilikuwa kwenye maegesho ya magari na vitu vyangu mikononi. Watanzania wa nje tunapenda kusema tunabeba boksi. Siku ile nililibeba kwelikweli. Wengi wetu tulikuwa wa mkataba kupitia wakala, hatukuwa na kiinua mgongo wala bima ya kuendelea nayo. Kwa hiyo dada akisema unesi, mimi siwezi kumcheka.

Sasa binti. Yeye hoja yake ya kwanza ni mgongo. Ana miaka ishirini na sita na tayari anaamka ameushika. Hoja ya pili ni kwamba hapendi. Wazazi wetu wangesema kupenda hakulipi kodi ya nyumba, na ni kweli, lakini nimeona watu waliosukumwa kwenye unesi wakaishia njiani na deni. Tatu, gharama. Kwa mkazi wa eneo la chuo, ada ya vyuo vya jamii kwa wastani wa nchi nzima ni kama dola 4,000 kwa mwaka, wakati chuo kikuu cha umma kwa mkazi wa jimbo ni zaidi ya 11,000. Mwenye grini kadi na kipato kidogo anaweza kuomba ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395. Yaani anaweza kusoma bila kutoa senti ya ada, na ikabaki ya vitabu na mafuta ya gari. Atakachopoteza ni ovataimu, na ovataimu ndiyo inayokwenda Tanga kila mwezi. Hilo dada hajalisema, nami sijalisema.

Lakini swali lenyewe haliko kwenye ada. Liko kwenye kile kinachofundishwa.

Watu wengi wakisikia CAD wanafikiri ni shule ya kujifunza programu: bonyeza hapa, vuta mstari pale, pata cheti. Kama ndivyo, usilipe hata dola moja, maana hayo yamejaa bure kwenye video. Mpe mwanafunzi wa namna hiyo kazi moja tu: achore bomba la chuma la inchi 2. Atachora duara la kipenyo cha inchi 2, safi, na AutoCAD, ile programu ya kuchorea, itamkubalia bila neno. Kakosea. Bomba linaloitwa la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha inchi 2.375. Ukichukua lenye ukuta mnene, skejuli 80 badala ya 40, nje hapaongezeki hata unywele; ndani ndimo panapobana. La inchi 12 lina 12.75. Halafu ukifika inchi 14 na kuendelea, ghafla jina na kipenyo cha nje vinakuwa kitu kimoja. Asiyejua historia ya mabomba ataona ni uchawi. Na kosa hilo halionekani kwenye skrini. Linaonekana karakana, welda akishika kiwiko kinachokataa kukaa, na hapo anayelipwa kwa saa kasimama anakungoja wewe.

Mimi nilipofika Marekani kompyuta haikunitesa. Kilichonitesa ni futi. Nimezoea milimita, nakuta mlango una futi 6 na inchi 8, na bomba linakatwa kwa sehemu ya nane na ya kumi na sita ya inchi. Skeli yao ya kawaida ya nyumba, robo inchi kwa futi moja, ni 1:48. Inakaribiana na 1:50 yetu kiasi cha kukudanganya macho, na hapo ndipo unapoumia. Tena tulizoea mtindo wa Kiingereza: kitu kikitazamwa kutoka juu, picha yake unaiweka chini ya ile ya mbele. Huku wanaiweka juu. Wiki ya kwanza nilimpa mkubwa wangu mchoro wa kitako cha pampu uliopinduka, naye akaugeuza karatasi mara mbili akidhani kaushika vibaya.

Haya ndiyo yanayostahili kulipiwa: mwalimu aliyekula miaka kwenye kazi, anayekaa na mchoro wako na kalamu nyekundu. Nilikuwa na mmoja. Alikuwa na swali moja tu: "Nikimpa welda karatasi hii saa nane usiku, ataniuliza nini?" Kila swali ambalo welda angeuliza lilikuwa alama moja imetoka. Kipimo kilichorudiwa sehemu mbili nacho kilikula alama, kwani siku kimoja kikibadilishwa kingine kitabaki kikidanganya. Chuo chenye mwalimu wa aina hiyo kina thamani. Chuo kinachokupitisha kwenye kitabu cha mazoezi ya programu, sura kwa sura, hakina, hata kama maabara yake inang'aa. Kabla hajajiandikisha, binti aende akaangalie michoro ya wanafunzi wa mwaka wa pili imekwaruzwa nyekundu kiasi gani.

Upande wa hofu kuna mashine, na hofu hiyo si ya jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha kule MIT kwamba mtu anaweza kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya skrini. Mwaka 1982 AutoCAD ikatoka kwa ajili ya kompyuta ndogo. Kabla ya hapo maofisi yalikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kunakili tu, kuupitisha mchoro wa penseli kwa wino. Hao hawapo tena. Leo Revit, programu ya kuchora majengo, inapewa mfano mmoja wa jengo wa 3D na yenyewe inatoa ramani ya sakafu, mikato na sura za mbele. Ukihamisha dirisha, linahama kwenye kurasa zote. Kazi ya kunyoosha mistari inapelekwa India na Ufilipino usiku, asubuhi inarudi imekamilika. Anayeingia fani hii kwa kutegemea kasi ya vidole atakuta kiti kimeshaondolewa. Sijaona bado mashine inayovaa kofia ya plastiki ikaingia kwenye kiwanda cha miaka hamsini, ikakuta bomba lililo kwenye ramani halipo, na lililopo halimo kwenye ramani. Hata wanapopiga skana ya leza, lazima awepo anayejua kwamba kile kivuli ni valvu na siyo ndoo ya mtu.

Kuna mtego mwingine wa kompyuta ambao vijana hawauoni: leseni. Ukiwa mwanafunzi, Autodesk wanakupa programu zao bure. Ukihitimu, dirisha linafungwa, na AutoCAD ya kulipia inazungukia dola 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye ndoto ya kujiajiri akichora ramani za watu anaanza na deni. FreeCAD ni ya bure kweli, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwishoni mwa 2024. Naichezea nyumbani, lakini sijakutana na kampuni ya mabomba inayoiulizia kwenye usaili.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote. Kwenye vitabu vya vyuo vya jamii kuna shahada mbili ndogo, za miaka miwili, zinazofanana kama mapacha: AAS na AS. Herufi moja imezidi. Uchoraji wa kiufundi kwa kawaida uko kwenye AAS, yaani sayansi tumizi, na hesabu zake zinaishia kwenye aljebra na trigonometria ya kazini. AS ya uhandisi inakupeleka kwenye kalkulasi na fizikia. Miaka mitano baadaye, ukiwa umechoka kuchora mawazo ya mainjinia na unataka kuwa injinia, chuo kikuu kinaangalia krediti zako za AAS na kukubali chache. Unaanza upya. Zipo shahada za teknolojia ya uhandisi zinazozipokea, lakini lazima uulize mapema, kwa jina la chuo unachotaka kwenda, na upate jibu kwa maandishi. Mimi hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nilifanya kazi meza moja na mainjinia vijana niliowasahihishia michoro, wakipata karibu mara mbili yangu.

Na wenye viza ya mwanafunzi wasome hapa mara mbili, kwani mambo yao si ya binti huyu. Ruzuku ya Pell hawaipati, na ada yao ni ya mgeni. Baada ya kuhitimu wanaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi mwaka mmoja. Ile nyongeza ya miezi 24 ya fani za sayansi na uhandisi inadai shahada ya kwanza au zaidi. Viza ya kazi ya H-1B nayo ni kwa nafasi zinazohitaji shahada ya kwanza. Kwa mtu huyo, shahada ndogo ya CAD peke yake inamfikisha ukutani makaratasi yakiwa yanaisha. Aichukue tu kama nusu ya kwanza ya safari ya miaka minne.

Dada aliniuliza pia kama binti akirudi nyumbani ujuzi huo utamfaa. Nikamwambia atazame upande wa Chongoleani. Bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia pale, kwenye wilaya yake mwenyewe. Ni la inchi 24, kwa hiyo hilo halina uchawi wa vipimo. Lakini sikumdanganya: mwajiri wa nyumbani anajua stashahada ya DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, na shahada ndogo ya Marekani lazima uieleze kwanza ndipo usikilizwe.

Basi hukumu. Nimemwambia binti aingie, ila kwa sharti. Asijiandikishe AAS muhula ujao. Ajiandikishe AS ya uhandisi, apige kalkulasi huku masomo ya uchoraji wa mabomba na vyuma akiyachukua kama cheti pembeni. Itamchukua miaka mitatu badala ya miwili, na usiku atabaki na wazee, walau shifti tatu kwa wiki. Hakufurahi. Mama yake naye hakufurahi, kasema nimemtafutia mwanawe njia ndefu ya kupata kidogo, na kwa miaka mitatu ya kwanza yuko sahihi kabisa. Kalkulasi ikimshinda, nimewaambia wote wawili, unesi bado utakuwepo, na fizikia aliyosoma haitamdhuru.

Juzi usiku, akiwa kwenye mapumziko ya shifti, kanitumia picha ya zoezi lake. "Shikamoo mjomba, nikague." Bomba, viwiko viwili, flenji moja, vipimo vimepangwa vizuri, hakuna kilichorudiwa. Nikavuta picha karibu. Duara la bomba: inchi 2.000. Nimelizungushia nyekundu nikamrudishia, bila maelezo. Dakika kumi baadaye kaniuliza, "Mjomba, kwa nini 2.375?" Hiyo ilikuwa saa tisa usiku. Nilikuwa bado najibu mama yake alipopiga.