Mbegu za nguruwe zilizogandishwa: Mwanza tuanzie wapi?

Mfugaji wa nguruwe wa Buhongwa au Kisesa ana haki ya kuuliza: ng'ombe wanahimilishwa, yaani wanapandishwa kwa mrija bila dume, kwa mbegu zilizogandishwa, kituo cha Usa River kule Arusha kinazalisha mbegu za madume bora, kwa nini yeye bado anaazima dume kwa jirani?

Jibu liko kwenye mbegu yenyewe. Utando wa mbegu ya nguruwe una kolesteroli kidogo na mafuta yanayoharibika upesi, hivyo joto likishuka chini ya nyuzi 15 mbegu zinaanza kuumia hata kabla ya kuganda. Ndiyo maana mbegu mbichi hutunzwa kwenye nyuzi 17 hivi. Friji ya nyumbani yenye nyuzi 4 inaziharibu, na joto la mchana wa Mwanza nalo haliziachi salama. Halafu kuna suala la wingi. Mrija mmoja wa ng'ombe, yaani dozi moja iliyogandishwa, una mbegu kama milioni 20. Dozi mbichi ya nguruwe huwa na bilioni 2 hadi 3, na iliyogandishwa mara nyingi bilioni 5 au 6, kwa kuwa nyingi hufa katika kugandisha na kuyeyusha. Dume yuleyule basi anahudumia majike wachache zaidi.

Maboresho yapo. Tangu mimba za kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wamejifunza kuzikinga mbegu kwa kiini cha yai, laktosi (sukari ya maziwa) na gliserini ya asilimia 2 au 3 tu, maana ikizidi inageuka sumu. Wapo wanaoongeza vitamini E, wapo wanaorudisha majimaji ya shahawa wakati wa kuyeyusha. Yote yanasaidia. Ila naona mambo mawili yana uzito kuliko dawa yoyote ya kuchanganya: dume gani, na saa ngapi. Madume wa aina moja, wanaokula chakula kimoja, hutofautiana sana. Mbegu za huyu zinastahimili kugandishwa, za yule zinakufa. Na mbegu iliyoyeyushwa huishi ndani ya jike saa 4 hadi 6 hivi, wakati mbichi hufikia saa 24. Joto la jike, yaani kipindi anachokubali dume, huchukua siku 2 au 3, na mayai huachiwa likiwa limekwenda kama theluthi mbili. Kwa hiyo mtu aingie bandani asubuhi na jioni, amkandamize jike mgongoni aone kama anasimama tuli, aandike saa. Kwa mama mwenye majike watatu na genge la kuendesha, huo ni mzigo wa kweli, na akikosea nusu siku dozi imepotea.

Lakini upande wa pili una hoja nzito: homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba, na virusi vyake vinaweza kupita kwenye shahawa. Mbegu mbichi za kawaida hudumu siku 3 hadi 5, kwa hiyo zinaweza kutumika kabla dume hajaonyesha dalili. Zilizogandishwa zinasubiri hata wiki kadhaa, dume apimwe tena, ndipo zitoke. Tena ugonjwa ukifagia mabanda, ukoo mzuri unabaki kwenye mtungi wa naitrojeni ya baridi kali. Dume anayetembezwa banda hadi banda hatupi kinga yoyote kati ya hizo.

Hata hivyo, kwa mabanda yetu madogo ningeanza na mbegu mbichi kutoka kwa madume waliopimwa, zikisafirishwa kwenye boksi linaloshika nyuzi 17. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko. Dozi iliyotoka Mwanza asubuhi inafika Sengerema ingali na nguvu. Zilizogandishwa ziwe akiba ya Kanda ya Ziwa: madume wachache waliothibitika kustahimili kugandishwa, pamoja na damu mpya kutoka nje. Mitungi ya naitrojeni inayotumika kwa ng'ombe inaweza kutunza na mirija ya nguruwe, kwa hiyo akiba hiyo haihitaji kuanza na vifaa vyote upya. Fungu kubwa liende kwenye maabara ndogo ya mbegu mbichi, na kuwafundisha wahimilishaji wa ng'ombe tulionao kutambua joto la nguruwe na kutumia mrija wake wa kupandishia.