Kondoa ilifukuza ng'ombe, Shinyanga ikawabakiza

Mwaka 1979 wafugaji wa Kondoa, mkoani Dodoma, Tanzania, walipewa amri moja fupi: mifugo yote iondoke. Ng'ombe, mbuzi na kondoo karibu 90,000 wakatolewa kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,250 lililoliwa na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanza 1973, ulikuwa umeshapanda miti na kuchimba makinga maji, lakini kila kilichochipua kiliishia tumboni mwa mbuzi.

Na ardhi ilipona. Vilima vilivyokuwa vyekundu vitupu vilirudisha nyasi, vichaka vikaanza kufunika makorongo. Anayeamini kwamba ng'ombe ndiye mchawi wa malisho ana ushahidi wake hapo.

Lakini akifika Shinyanga, hoja inaanza kuchechemea. Huko miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, pamba ikameza ardhi, Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu kwenye vijiji vya pamoja, ikawang'oa watu kwenye maeneo waliyozoea kuyatunza, hadi Mwalimu Nyerere akauita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza 1986 haukuwagusa ng'ombe. Ulifufua ngitili, utaratibu wa siku nyingi wa Wasukuma: kipande cha malisho kinafungwa mvua zikianza, nyasi zinaachwa zikue hadi zimwage mbegu, kisha kinafunguliwa kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane, wakati kwingine kote kumebaki vumbi. Ngitili zilizokuwa zimesalia 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya 300,000.

Inawezekanaje ardhi moja ipone kwa kufukuza ng'ombe na nyingine ipone nao wakiwepo? Tazama shina moja la nyasi. Likiliwa leo halifi. Huchipua kwa akiba iliyo kwenye kitako na mizizi yake. Likiliwa tena kabla halijairudisha akiba hiyo, na tena wiki inayofuata, mizizi inafupika, na siku moja mvua inanyesha ikikuta udongo mtupu uliokauka ganda. Kwato nazo zina sura mbili. Juu ya ganda hilo zinalivunja, mbegu ikapata pa kujificha na samadi ikachanganyika na udongo. Juu ya udongo uliolowa zinaushindilia kama sakafu. Ng'ombe ni yuleyule, tofauti ni siku aliyofika na siku aliyoondoka.

Allan Savory, mwanaikolojia wa Zimbabwe, anakwenda mbali zaidi. Anasema kundi kubwa lililobanwa pamoja na kuhamishwa upesi, kama nyumbu wanaowindwa na simba, linaweza kurudisha jangwa nyuma. Hapo tunaachana njiani. Wanasayansi wa malisho wa Marekani walipopitia majaribio ya miaka mingi na kuchapisha matokeo yao 2008, hawakuona kwamba kulisha kwa mzunguko, peke yake, kunazidi kulisha kwa kawaida. Watetezi wake hujibu kwamba majaribio hayo hufuata ratiba isiyobadilika, wakati mfugaji mzuri hubadilisha mpango kila akitazama nyasi. Jibu lina uzito. Ila likimaanisha kwamba penye mafanikio ni njia, na penye kushindwa ni mfugaji, basi hakuna jaribio litakaloweza kulipinga kamwe.

Kondoa nayo ina bili ambayo wanaoisifia huisahau. Mifugo iliyotolewa haikuyeyuka, ilikwenda kukanyaga ardhi ya wengine. Watoto wakakosa maziwa, mashamba yakakosa samadi. Ilichukua takriban miaka kumi kabla ng'ombe wachache wa maziwa hawajaruhusiwa kurudi, tena wa kufugwa bandani. Anayesema "funga tu eneo" aulizwe kwanza mifugo itakwenda wapi.

Shinyanga ilimudu kwa sababu aliyefunga alijulikana. Ngitili zilikuwa za kaya au za kijiji, dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, iliweka sheria, na sungusungu, walinzi wa kijiji walioanza kwa kuwasaka wezi wa ng'ombe, wakalinda na nyasi. Nisiipambe kupita kiasi: mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa, na asiye na ardhi hununua nyasi au hubaki kutazama.

Kaskazini mwa Kenya utaratibu wa aina hiyo umewekwa kwenye soko la kaboni. Jamii zinapanga mzunguko wa malisho, kaboni inayodhaniwa kubaki udongoni inauzwa kwa kampuni za nje zinazotaka kufidia hewa chafu zinayotoa. Fedha hizo zingeweza kuwa msaada wa kweli. Lakini Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo Biliqo Bulesa iliyokuwa ndani ya mradi huo wa kaboni, zilianzishwa kinyume cha katiba. Wananchi waliofungua kesi walilalamika kuwa hawakushirikishwa ipasavyo. Dagashida haikuhitaji kushtakiwa ili iwasikilize Wasukuma.

Halafu kuna mvua, ambayo haisomi mpango wa mtu. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Mfugaji wa Isiolo hakuwa na nafasi ya kungojea zamu yake ifike. Alifuata wingu lilikonyesha, hata kama lilinyesha juu ya malisho ambayo jirani yake alikuwa ameyafunga.