Mgeni wa Nyota Nyingine Asije Kisauni Wiki Hii

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, na kila kimoja wakakipachika sahani ya santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye salamu katika lugha 55, ili kiumbe yeyote atakayeiokota huko mbali ajue kwamba duniani kuna watu na kwamba watu hao wana adabu. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisumeri, ambacho hakuna aliyekizungumza nyumbani kwake kwa maelfu ya miaka, nacho kimo, sijui kinamsalimu nani kwa niaba ya nani. Kiswahili hakimo. Sisi tusioweza kununua andazi kabla ya kuulizana habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za tangu juzi, ndio tuliosahauliwa siku watu walipoitwa kuamkia.

Jambo hilo liliniudhi kwa muda mrefu, hasa nikikumbuka kwamba neno letu moja lilikwisha kutangulia huko: tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikaitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru. Mwaka 1979 Uhuru huo ukaanguka kuelekea duniani, ukaungua njiani, na sina la kuongeza hapo.

Wiki hii, hata hivyo, nimeona heri tuliachwa. Mgeni akisikia "hamjambo" atataka kujua aliyeitamka anakaa wapi, na nyumba yangu hapa Kisauni, Mombasa, kwa sasa haina hali ya kumpokea hata shemeji kutoka Kilifi, seuze kiumbe aliyetoka nyota nyingine.

Tuseme amefika. Kwanza itambidi apenye katikati ya mabaki ya roketi na setilaiti mbovu ambazo tumeziacha zikizunguka juu ya vichwa vyetu, maana tabia ya kutupa taka nyuma ya ukuta wa jirani tumeipandisha hadi mbinguni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilidondoka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Mke wangu alipoiona kwenye habari alisema kwamba hiyo ndiyo pete ya kwanza aliyowahi kuiona ikija yenyewe bila kudaiwa. Nilinyamaza, kwa sababu yake ya ndoa niliiazima.

Akiingia sebuleni, atakaa wapi? Pembeni kuna friji iliyokufa ambayo sasa ni kabati la viatu. Juu yake zimekaa blenda mbili, ya kwanza ikiwa imeharibika na fundi akaniambia kwamba kipuri chake kinakaribia bei ya blenda mpya, ya pili ikiwa ni hiyo mpya, ambayo iliharibika palepale. Mgeni akiniuliza kwa nini tunaishi na maiti tatu chumba kimoja, nitamjibu kwamba tunasubiri pesa za kuzifufua, na pesa zikipatikana nitanunua blenda ya tatu, jambo ambalo yeye mwenye akili za kuvuka nyota hataweza kulifahamu. Nami nitakuwa nimevaa fulana ya mbio za marathoni za Chicago, niliyoichagua sokoni Kongowea siku ya kufunguliwa belo la mitumba, ikiwa bado kamera, yaani daraja la kwanza, bila doa. Atanipa heshima ya mkimbiaji, wakati aliyekimbia ni Mmarekani ambaye aliichoka kabla haijachuja.

Hapo bado hajaiona simu. Nimeikopa kwa kulipa kila siku, na nikikosa siku moja tu inajifunga yenyewe, isibakize kitu kiooni ila namba ya kulipia. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla sijanawa uso, naishika kwa mikono miwili, nainamisha kichwa na kuitolea sadaka, ndipo inapokubali kufunguka. Na ikishafunguka, kazi yake kutwa nzima ni kuniarifu kwamba imetoka simu nyingine iliyo bora kuliko yenyewe. Nimesoma kwamba Voyager 1 itahitaji takriban miaka 40,000 kuikaribia nyota nyingine. Wakati huo deni langu litakuwa limebaki miezi miwili.

Hata hivyo, aibu ambayo singeweza kumfichia ni ya maji. Maji ya mfereji huja mtaani kwetu mara mbili kwa wiki, tena usiku, kama mwizi. Jirani yangu mwenye nyumba ya ghorofa amefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na akiiwasha mfereji wangu huanza kukohoa kama mzee mwenye pumu, kisha hukata roho. Tangi lake hujaa, hufurika, maji yakateremka ukutani mpaka barabarani, nasi asubuhi tunayaruka na mitungi yetu mikononi tukienda kununua maji kwa kijana wa mkokoteni. Kijana huyo anayachota wapi? Kwa jirani huyohuyo. Mgeni angeuliza kwa nini maji yatoke kwenye bomba letu, yapande ghorofani na yashuke kwa mkokoteni ndipo tuyanywe, nami ningemweleza kwamba hiyo ndiyo biashara, naye angeandika kitu kirefu kwenye daftari lake.

Nilimwendea jirani kumlalamikia. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kahawa, akanisikiliza hadi mwisho.

"Baba Zuhura," akasema, "na wewe si ufunge pampu yako?"

Nilitoka pale nikiwa na hasira za kutosha kuhubiri siku nne mfululizo, barazani na kwenye foleni ya feri ya Likoni, juu ya binadamu wa siku hizi ambaye hamjali mwenziwe na anasukuma watu ashuke wa kwanza kabla chombo hakijagusa nchi. Siku ya tano nilinunua pampu. Ni ya mkopo pia, ya kulipa kila siku, na mke wangu aliitazama kwa muda kabla ya kusema neno.

"Na Mama Bakari, aliye mwisho wa bomba, atapata wapi maji?"

"Mama Bakari naye si afunge pampu yake?"

Usiku wa kuamkia jana maji yalikuja. Saa kumi na nusu alfajiri nilitoka uani nikiwa nimejifunga kikoi, nikaiwasha, na kabla pipa halijafika nusu nikausikia mfereji wa Mama Bakari ukikohoa. Nilipoinua macho niliona nuru ndogo ikitokea upande wa bahari, haimetimeti, inakwenda polepole kama mtu anayesoma namba za milango. Nilizima pampu, nikachutama nyuma ya pipa. Najua kwamba ilikuwa setilaiti. Nilingoja hadi ikazama nyuma ya minazi, ndipo nikaiwasha tena.