Rangi mpya haipimi chuma

Wiki iliyopita niliitwa kuangalia hangari ya zamani hapa Lubumbashi. Mwenyewe anataka kuifanya ghala la unga, na kwenye boriti afunge winchi ya kuinulia magunia. Nguzo zote zilikuwa zimepakwa rangi ya kijivu, zinang'aa. "Fundi, si unaona iko nzima?"

Nilipiga magoti penye mguu wa nguzo, pale maji ya mvua yanapotuama, nikakwangua. Rangi ilitoka na kutu yake, tabaka juu ya tabaka kama chapati. Nilipofikia chuma safi nikaweka kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene wa chuma: milimita 7. Juu kidogo, ambako maji hayafiki, nguzo ileile ilisoma 10.

"Zimepungua tatu tu, papa," akaniambia.

Hiyo "tu" ndiyo inayonitia hofu. Bamba la nguzo likikonda hivyo, kutoka 10 hadi 7, nguvu yake ya kukataa kupinda chini ya mzigo haipungui kwa hesabu ya moja kwa moja. Ni 0.7 mara 0.7 mara 0.7, yaani inabaki kama theluthi moja. Na huko ndiko anakotaka kuongeza mzigo!

Mji huu umekua na shaba tangu tanuru la kuyeyushia lilipoanza kazi mwaka 1911. Moshi wa salfa ukikutana na unyevu wa majira ya mvua huwa asidi, na asidi hula chuma. Kwa hiyo umri wa jengo peke yake haunitoshi; nauliza pia limesimama wapi, na maji yake yanaenda wapi.

Mafundi wenzangu hukimbilia kuchomelea kiraka. Tafadhali, tupime kwanza. Vyuma vingi vya enzi za riveti, zile pini za chuma zilizounganisha mabamba, vina salfa na fosforasi nyingi kuliko vya leo, na ufa unaweza kuanzia pembeni mwa kiraka chenyewe. Silver Bridge ya Marekani, daraja la mwaka 1928, lilianguka Desemba 1967 likaua watu 46, kwa ufa wa kiungo kimoja ambao jicho lisingeuona.

Sisemi tubomoe. Mguu ulioliwa hukatwa ukaungwa upya, mfereji ukachimbwa, na winchi ikapewa nguzo zake yenyewe.

Tumeshapima nguzo 4. Zimebaki 18, na winchi bado iko ndani ya sanduku lake.