Sikuruka Dirishani

Kabla hamjaendelea kusambaza hadithi ya fundi sauti wangu: sikuruka dirishani. Nilitoka mlangoni kwa miguu yangu, ingawa kola ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Fundi mwenyewe alikuwa ndani ya gari na hedifoni masikioni, angeniona wapi?

Natengeneza filamu ya kiwanda kinachomwaga maji ya kemikali mtoni. Safari hii nikajifanya mfanyabiashara wa kusafirisha taka, nikapewa kikao na mkurugenzi. Kifungo cha tatu cha shati kilikuwa kamera, inarusha picha hadi kwenye simu yangu. Msinicheke. Mwaka 1992 watu wa televisheni ya ABC kule Marekani waliingia kwenye maduka ya Food Lion kama wafanyakazi, kamera ndani ya mawigi. Wakashtakiwa kwa kujipenyeza, wakaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 5.5. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikabakisha dola 2. Dola 2 ninazo, ndiyo maana nilijiamini.

Na mambo yalikwenda murua! Bosi akasema kwa kinywa chake: "Usiku mvua ikinyesha tunafungulia tu, nani atajua?" Nikajikaza nisitabasamu. Akaendelea: "Hebu tuone magari yako. Unganisha simu na hiyo skrini."

Nikaunganisha.

Magari hayakutokea. Alitokea yeye, ukuta mzima, biskuti ikielekea mdomoni.

Biskuti ikasimama. Ya kwenye skrini nayo ikasimama. Akainua mkono taratibu, akapunga. Akapungiwa. Kimya. Kisha akamgeukia katibu muhtasi wake: "Kumbe nimenenepa hivi?"

Nikamtazama katibu, skrini nzima ikawa katibu. Nikaikimbilia skrini yenyewe kwa macho: skrini ndani ya skrini ndani ya skrini, kizunguzungu kitupu. Basi nikasema nitafute mlango kwa siri. Siri gani, wapendwa? Mlango ukajaa ukutani na kitasa chake. Mlinzi akautazama wa kwenye skrini, akautazama wa kweli, akaenda kusimama palepale. Nikageuka upande wa pili. Likatokea dirisha, ghorofa ya nne.

"Usithubutu," katibu akaniambia, kwa huruma kabisa.

(Hapo ndipo fundi sauti alipopata dirisha lake.)

Mwishowe nikafunika kifungo kwa kiganja, nikabaki nimesimama kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Mengine ni mafupi: kola, ngazi, gari, tukachomoka. Simu hawakuigusa, walikuwa wanahangaika kuzima skrini. Rekodi yote ipo.

Leo imeingia barua ya wakili wao. Eti mtu wa kwenye video si mteja wake, picha ni za kutengeneza. Sawa, mheshimiwa wakili. Sasa yule aliyejipungia mkono akauliza kama amenenepa ni nani?