Bibi Titi hakuwa wa kupamba mikutano tu

Kila Desemba 9, siku ya Uhuru wa Tanganyika, ikikaribia, Bibi Titi Mohamed hukumbukwa kama mama shupavu aliyechangamsha mikutano ya Mwalimu Nyerere, kisha basi, hadi mwaka ujao. Naona tunampunja. Yule mama alikuwa fundi wa kujenga chama.

Mwaka 1955 TANU, chama kilichopigania Uhuru, kina umri wa mwaka mmoja, na wanawake ndani yake ni wachache wa kuhesabu. Titi, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye elimu ya msingi tu, ni mwimbaji kiongozi wa kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake, kiitwacho Bomba. Akawafuata viongozi wa vikundi vya ngoma mjini, akazungumza nao, nao wakaja na watu wao. Vikundi vile vilikuwa na viongozi wake, michango, sare, na mtindo wa kuitana kwenye harusi na misiba; humo walikutana wanawake wa makabila mbalimbali, Kiswahili kikiwaunganisha. Ndani ya miezi michache wanachama wanawake walikuwa maelfu. Wasomi wengi wakati huo walikuwa watumishi wa serikali, na mkoloni alishawakataza kujiunga na TANU. Muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumwogopa. (Mumewe je? Hiyo ilikuwa vita nyingine.)

Baada ya Uhuru akaongoza UWT, yaani umoja wa wanawake nchini, akawa waziri mdogo, na mwaka 1965 akaangushwa kwenye uchaguzi kule Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, likakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Wapo wanaomwita mbinafsi kwa hilo. Siafiki. Kwa mwanamke wa mjini asiye na shahada wala pensheni ya kutegemea, kodi ya nyumba ndiyo uzee wake. Na aliondoka waziwazi, hakuziandikisha kwa jina la shemeji.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akatoka kwa msamaha wa Rais. Alifariki Johannesburg mwaka 2000.

Barabara tumempa, tena kubwa, katikati ya jiji. Ila mwanafunzi anayeipita kwenda Mnazi Mmoja afundishwe Bomba ilifanya nini, na kesi ile asifichwe.